Majina mawili, kadi moja: kisa cha bondi ya mtandao kwenye Linux ya kompyuta kuu

Jumamosi moja usiku, katikati ya msimu wa mvua, nilikuwa nyumbani Bel-Air simu ilipolia mara tatu mfululizo. Aliyepiga ni kijana tunayepokezana naye zamu; huniita yaya, neno ambalo kwetu ni la kumwita mkubwa wako. "Yaya, seva zote zimenyamaza. Hata ile njia ya akiba haijibu."

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili usiku. Tangu Jumatano mteja alikuwa ametuarifu kwamba usiku huo fundi wa chumba cha mashine angeweka mikrokodi mpya, yaani programu ya ndani ya kadi, kwenye kadi moja ya mtandao, na kwamba kadi ingezimwa kwa muda. Tulimjibu kwa maandishi kuwa hakuna neno, tuna njia mbili zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, yaani bondi, ikifungwa moja nyingine inabeba. Jibu hilo niliandika mimi, nikaweka na jina langu chini.

Ofisi yetu iko mjini Lubumbashi, lakini mashine yenyewe iko Johannesburg. Ni kompyuta kuu ya IBM iliyogawanywa katika LPAR, yaani sehemu ambazo kila moja inaendesha mfumo wake kana kwamba ni mashine peke yake. Mteja ni taasisi ya fedha. Leja yake kubwa inaishi kwenye z/OS, mfumo wa IBM wenyewe wa mashine hizi, na pembeni yake kuna LPAR za Linux zinazobeba programu ambazo matawi yanazitumia kila siku. Sisi tunatunza hizo za Linux. Si jambo geni: IBM ilitoa marekebisho ya kwanza ya keneli, kiini cha Linux, kwa ajili ya mashine hizi Desemba 1999, na mwaka 2015 ikaanza kuuza mashine za LinuxONE, ambazo ni za Linux pekee. Aliyezoea seva za kawaida akiingia kwenye mfumo haoni tofauti kubwa. Amri ni zilezile, faili ni zilezile. Tofauti anaikuta akishuka chini, kwenye vifaa, na hakuna mahali inapomtega kama kwenye mtandao.

Kwenye seva ya kawaida ukiona violesura viwili vya mtandao, mara nyingi unaweza kwenda nyuma ya mashine ukagusa matundu mawili. Kwenye kompyuta kuu, kiolesura unachokiona ndani ya Linux ni jina tu la njia iliyochorwa na mtu mwingine. Kadi ya mtandao inaitwa OSA. LPAR nyingi zinaweza kuitumia kadi moja kwa wakati mmoja, na kila LPAR inaiona kama yake. Linux inazungumza nayo kupitia draiva ya qeth, na kila kiolesura kinahitaji anwani tatu za vifaa: ya kusoma, ya kuandika na ya data. Kiolesura chetu cha kwanza kilikuwa 0.0.f500, f501 na f502, na Linux ikakiita encf500. Cha pili kilikuwa 0.0.f504, f505 na f506, kikaitwa encf504. Namba hizo zinatungwa na mtu anayeandika usanidi wa mashine. Angeweza kuandika a000 au 1200. Namba ya kifaa haisemi chochote kuhusu kadi iliyo nyuma yake.

Kinachosema ni CHPID, yaani namba ya njia ya kupitishia data, yenye tarakimu mbili kuanzia 00 hadi FF. Nyuma ya CHPID kuna PCHID, na hiyo ndiyo inayoonyesha mahali kadi ilipochomekwa.

Mtu wa Lubumbashi hahitaji somo refu hapa. Mitaani kwetu mwenye uwezo huvuta laini mbili za umeme nyumbani na kufunga swichi ya kugeuzia ukutani, ili upande huu ukikatika ahamie ule. Jambo la kwanza anamuuliza fundi ni hili: laini ya pili inatoka kabine gani, yaani kituo gani cha transfoma cha mtaa? Zikitoka kabine moja, siku kabine ikiungua atageuza swichi hiyo mpaka mkono uchoke na nyumba itabaki giza. Swali hilo mafundi wetu wa umeme wanaliuliza hata usingizini. Mimi nilijenga njia mbili za mtandao kwa taasisi ya fedha na sikuliuliza.

Usiku ule hatukuweza kuingia kwa SSH, njia ya kawaida ya kuingia seva kutoka mbali, maana mtandao wenyewe ndio uliokufa. Tulipitia HMC, kompyuta ya usimamizi inayokaa kando ya mashine na kuifikia kwa njia yake yenyewe. Ukifungua hapo konsoli ya LPAR unaingia ndani ya Linux bila kutegemea kadi yoyote ya OSA. Naandika hili kwa msisitizo kwa sababu nimekutana na timu zinazotunza mashine hizi bila ruhusa ya HMC, zikimtegemea mtu mwingine awafungulie. Usiku kama ule huna mtu mwingine.

Linux ilikuwa hai kabisa. Programu zinazunguka, diski ziko sawa, hakuna kosa lolote. Nilisoma /proc/net/bonding/bond0: violesura vyote viwili viko chini. Nikaandika lschp, amri inayoorodhesha njia za kupitishia data. Kwenye mstari wa 0.80, safu ya Cfg ilikuwa na 0, maana yake njia hiyo imeondolewa. Ilikuwa sawa, ndiyo kadi ya fundi. Nikatafuta mstari wa kadi ya pili.

Kijana alikuwa anaangalia skrini ileile kutoka kwake, amefungua lscss, inayoonyesha kila kifaa na CHPID zake upande wa kulia. Ndiye aliyeona kwanza. "Yaya, angaria hii namba. Fasi zote mbili iko ileile."

Mistari sita, vifaa sita, f500 hadi f502 na f504 hadi f506. Mwishoni mwa kila mstari kulikuwa na 80.

Hapakuwa na kadi ya pili. Aina ya OSA tuliyokuwa nayo, ya gigabiti moja, ina poti mbili chini ya CHPID moja: poti 0 na poti 1. Encf500 kiliwekewa portno=0, encf504 kikawekewa portno=1. Kebo mbili, swichi mbili za mtandao, majina mawili, na kadi moja ya kuvibeba vyote. Fundi alipoizima alizima vyote kwa pamoja, na hakufanya kosa lolote. Alizima kadi moja kama alivyotuambia. Ilibidi tungoje amalize. Mtandao ulirudi saa tano na dakika mbili, wenyewe, bila sisi kugusa kitu.

Asubuhi tulianza na logi za miezi iliyopita, na hapo ndipo pananiuma mpaka leo. Kiungo cha OSA kikianguka, draiva ya qeth huandika ujumbe wenye jina la kiolesura na CHPID yake. Miezi kadhaa nyuma swichi moja ilikuwa imewashwa upya, na ujumbe ulikuwepo: encf500, CHPID 0x80. Wiki tatu baadaye ikawa zamu ya swichi ya pili: encf504, CHPID 0x80. Bondi ilihama vizuri mara zote mbili. Tulisoma jina la kiolesura, tukafurahi kwamba akiba inafanya kazi, na hakuna aliyesoma namba inayofuata.

Mpangilio ule wa kwanza ulikuwa na faida yake, na ni haki niiseme. Ulitulinda dhidi ya kebo iliyochomoka na dhidi ya swichi iliyokufa. Tuliujaribu siku ya kukabidhi kazi: tulizima encf500 kwa ip link set encf500 down, bondi ikahamia encf504 kabla ya pingi, amri ya kupima kama upande wa pili unajibu, kukosa hata pakiti mbili. Tulichomoa kebo, ikahama tena. Majaribio yote yalikuwa ya kweli, ila yalijaribu vifo viwili na kuacha cha tatu. Kuzima kiolesura kwa amri ndiyo njia dhaifu kuliko zote, kwa sababu unakiua kitu ambacho katika maisha ya kawaida hakifi. Kadi hufa, kebo hufa, swichi hufa, mtu huzima poti asiyopaswa kuizima. Sijawahi kuona encf500 ikijizima yenyewe saa nne usiku.

Tuliomba kadi ya pili. Kwenye mashine ilikuwepo, CHPID 84, ikitumiwa na z/OS. OSA inagawiwa bila shida, kwa hiyo mwandishi wa usanidi alituongezea vifaa f600 hadi f602 juu yake. Vilipokuja lscss haikuvionyesha, kwa sababu siku ya kusakinisha Linux vifaa vyote visivyotumika viliwekwa kwenye orodha ya kupuuzwa. Amri cio_ignore -r 0.0.f600-0.0.f602 ikavitoa huko. Kisha:

chzdev -e qeth 0.0.f600:0.0.f601:0.0.f602 layer2=1 portno=0

Faida ya chzdev ni kwamba inawasha kifaa sasa na kukiandika kibaki hivyo mashine ikiwashwa upya. Layer2 lazima iwekwe kabla kifaa hakijawashwa, na bila hiyo bondi haiwezekani, kwa kuwa bondi inafanya kazi kwenye ngazi ya fremu za Etherneti.

Safari hii hatukuishia kwenye CHPID tofauti. Tulirudi kwenye lschp tukasoma safu ya mwisho, PCHID. Kuna kizazi cha kadi, OSA-Express3, ambacho kadi moja ya gigabiti ina poti nne chini ya CHPID mbili. Mwenye kadi hiyo anaweza kuona CHPID mbili tofauti, akalala usingizi, kumbe bado amekalia ubao mmoja. Zetu zilikuwa PCHID za mbali, na fundi alithibitisha kwa macho kwamba ziko kwenye droo mbili tofauti za kadi. Nilimwomba anipigie picha, akanitumia.

Kuhusu namna ya bondi, tulibaki na active-backup: kiolesura kimoja kinafanya kazi, kingine kinangoja. Mteja aliuliza kwa nini tusitumie 802.3ad, inayotumia njia zote kwa pamoja. Namna hiyo inataka poti iwe ya mfumo mmoja peke yake, kwa sababu swichi inafanya mapatano na mwenye poti mmoja, na zetu zinashirikiwa na LPAR nyingine. Tungekuwa na z/VM, mfumo wa IBM wa kuendesha mashine pepe, chini yetu, hadithi ingekuwa tofauti: swichi yake ya ndani, VSWITCH, inapewa hadi vifaa vitatu halisi na inahama yenyewe, na Linux iliyo ndani haihitaji bondi yoyote. Lakini swali la kabine linabaki palepale, limehamia tu kwa anayeandika orodha ya vifaa hivyo vitatu.

Tuliweka pia fail_over_mac=active. Kwa kawaida bondi inavipa violesura vyote anwani moja ya MAC, ile inayotambulisha kiolesura kwenye mtandao wa karibu. OSA inaandikisha anwani za kila mfumo unaoitumia, na haikubali anwani moja iandikishwe mara mbili. Tukiwa na kadi mbili tofauti hatukulazimika, lakini tulipendelea kila kiolesura kibaki na MAC yake, na bondi itangaze mpya inapohama. Na kama unajenga bondi ukakutana na ujumbe wa qeth kwamba anwani ya MAC tayari ipo, usikimbilie kuuzima. Huenda mashine inakuambia bure kwamba njia zako mbili ni mlango mmoja.

Baada ya hapo nilidhani tumemaliza. Kijana ndiye aliyekataa. Alichora kwenye karatasi kadi mbili, swichi mbili, na juu ya kila swichi kebo moja inayokwenda kwenye swichi kuu, halafu akaweka kidole kwenye kebo ya juu upande wa kwanza. "Na hii ikikatika?"

Bondi yetu ilikuwa inapima uhai kwa miimon=100, yaani kila milisekunde 100 inauliza: je, kiungo kiko juu? Kiungo kinachoulizwa ni kile cha kutoka OSA hadi swichi ya karibu, basi. Kebo ya juu ya swichi ikikatika, swichi yenyewe bado inawaka, OSA inaona taa ya kijani, na bondi inaendelea kumimina pakiti kwenye shimo. Tuliomba dirisha la usiku, kebo ya juu ikachomolewa, na ndivyo ilivyokuwa. Kila kitu kilionekana kizima. Pingi zote zilipotea, na zingeendelea kupotea hadi asubuhi.

Dawa inayojulikana ni kuacha miimon na kutumia ARP, itifaki ya kuuliza nani ana anwani fulani, na haziwekwi zote mbili pamoja. Unaweka arp_interval=1000 na kwenye arp_ip_target unaandika anwani za kuulizwa. Kila sekunde bondi inauliza "mwenye anwani hii yuko wapi?", na kiolesura kisichosikia kitu kwa muda kinahesabiwa kimekufa. Tuliandika anwani mbili, ya lango na ya seva moja isiyozimwa ovyo. Ukiandika moja, siku hiyo moja ikifanyiwa matengenezo bondi itaziona njia zako zote mbili zimekufa wakati ni nzima.

Tukajaribu tena. Kebo ya juu ikachomolewa, bondi ikakaa palepale. Dakika nzima. Tukarudia, safari hii ikahama. Tukarudia mara ya tatu, ikagoma.

Kosa linalotokea kila mara unalipata. Hili la kuja na kuondoka lilitugharimu siku mbili. Jibu lilikuwa kwenye neno "kusikia". Bila maelekezo mengine, bondi inaridhika ikiona pakiti yoyote imeingia kwenye kiolesura, haiulizi imetoka kwa nani. Na sisi hatuko peke yetu kwenye kadi. LPAR jirani, nazo zina bondi zao zinazouliza ARP kwa kutangaza, na tangazo humfikia kila aliye kwenye kadi na swichi hiyo. Kwa hiyo kebo ya juu ilipokatika, majirani waliendelea kuita kila sekunde bila kujibiwa, na bondi yetu ikasikia kelele zao ikasema njia ni hai. Majirani nao walikuwa wanasikia sisi. Kundi zima limefungiwa kwenye chumba kimoja, kila mtu anasikia sauti ya mwenzake na kuamini mlango uko wazi. Siku majirani walipokuwa wamezimwa kwa kazi zao, bondi ilihama. Walipokuwepo, iligoma.

Kinachotatua hilo ni arp_validate=all. Kwa mpangilio huo, kiolesura kinachofanya kazi kinahesabiwa kizima kama tu jibu la ARP limetoka kweli kwa mojawapo ya anwani tulizoandika. Kile kinachongoja hakipati majibu, kwa hiyo kinapimwa kwa njia nyingine: je, tangazo lililotoka kwa mwenzake limezunguka kupitia swichi na kumfikia? Ndiyo maana viwili hivyo lazima viwe kwenye mtandao mmoja wa ngazi ya pili. Kelele za majirani hazihesabiwi tena.

Naona hili ndilo linalostahili kuandikwa kwa Kiswahili kuliko yote, kwa sababu kwenye seva ya kawaida yenye kadi yake peke yake unaweza kuishi miaka bila kulihisi. Kwenye kompyuta kuu kushirikiana kadi ndiyo desturi. Hapo arp_validate ni ya lazima, na mimi siweki tena bondi ya ARP kwenye mashine hizi bila hiyo.

Jaribio la mwisho tulilifanya Jumapili alfajiri, na safari hii sikukubali amri ya Linux itumike kuua chochote. Fundi aliiondoa CHPID 80 kutoka HMC, kama alivyofanya usiku wa kwanza. Mimi nilikuwa ofisini na pingi ikipiga kila sekunde, kijana akisoma namba kwa sauti. Zilikosekana tatu, ya nne ikarudi. Ndani ya /proc/net/bonding/bond0, mstari wa kiolesura kinachofanya kazi ulisema encf600. CHPID 80 ikarudishwa, kebo ya juu ya swichi ya pili ikachomolewa majirani wote wakiwa hai, zikakosekana nne, bondi ikarudi encf500. Tulirudia kila kifo mara tano, na kijana aliandika kila kimoja kwenye daftari, saa na idadi ya pakiti.

Hati ya usanidi tuliyompa mteja sasa ina jedwali badala ya sentensi yangu ya zamani kwamba tuna njia mbili. Kila njia ina mstari wake, na safu zinafuatana kutoka ndani kwenda nje: kiolesura, poti, CHPID, PCHID, droo, kebo, swichi, kebo ya juu, ruta. Kila safu ina majibu mawili tofauti isipokuwa ya mwisho. Ruta bado ni moja kwa njia zote mbili, tumeiandika kwa wino mwekundu, na ombi la ruta ya pili liko mezani kwa mteja.

Siku tuliyotuma hati hiyo, kijana alisimama dirishani ofisini akitazama nje. Tuna intaneti ya kampuni mbili, tunalipia zote mbili kila mwezi. "Yaya, kuja uone," akaniita. Waya zote mbili zinavuka barabara na kufika kwetu kutoka nguzo moja.